Ajali za Mto Kongo: mbona kizimbani yupo nahodha wa boti ya mbao peke yake?

Juni 2024 boti ya mbao ilizama usiku katika mto Kwa, jimbo la Mai-Ndombe nchini Kongo, ikielekea Kinshasa baada ya injini kuharibika. Hesabu tuliyopewa ilikuwa hii: abiria 271, waliokufa 86, waliojiokoa kwa kuogelea hadi ukingoni 185. Jumlisha mwenyewe. 86 na 185 ni 271. Hakuna aliyezidi, hakuna aliyepungua.

Miezi kumi baadaye, Aprili 2025, boti nyingine ya mbao, HB Kongolo, iliwaka moto karibu na Mbandaka, mji wa kwenye Mto Kongo. Safari hii hesabu ilikataa kufunga. Kwanza tuliambiwa waliokufa ni 50. Siku chache zikapita, wakazidi 140. Na waliokuwamo je? Huyu alisema 400, yule akasema 500. Tofauti ya watu mia moja, na kila mmoja wao alikuwa na mtu anayemsubiri gatini.

Nimezirudia namba hizi mara nyingi kuliko inavyofaa. Ile iliyofunga inanisumbua zaidi ya ile iliyokataa. Watu wanaotoka majini gizani hawatoki kwa foleni. Mmoja anaibukia kwenye matete, mwingine anaokotwa na mtumbwi wa mvuvi na kushushwa kijiji cha mbele, wa tatu anatafuta njia ya kwao bila kuandikwa na mtu. Sasa hao 185 walihesabiwa na nani? Au kuna aliyeanza na namba moja, akatoa nyingine, akapata ya tatu? Kwangu namba za mto Kwa na za Mbandaka ni ndugu, zote zimetoka kwenye makisio, kwa sababu hakukubaki nchi kavu orodha ya waliopanda ambayo mtu angeweza kuinua mkononi na kusema: hawa hapa.

Lakini baada ya kila ajali mjadala hauendi kwenye orodha. Unaenda kwenye boti. Zipigwe marufuku boti za mbao. Usafiri wa usiku ukomeshwe (kwenye karatasi umekomeshwa tayari). Mwenye boti akamatwe. Wanaosema hivyo si wajinga, na kabla sijawapinga nawapa haki yao.

Boti yenyewe Wakongo huiita kwa neno la Kifaransa, baleinière, mashua ya wawinda nyangumi, ingawa mto huo haujawahi kuona nyangumi. Ni mbao zilizopasuliwa na kupigiliwa misumari kwenye mataruma, viungo vikakalafatiwa kama vya majahazi yetu ya pwani, kisha injini ya dizeli ikawekwa ndani. Haina vyumba vya kuzuia maji, kwa hiyo tundu moja ni tundu la boti nzima. Shehena hupakiwa kwanza: magunia ya mihogo, mkaa, mahindi, samaki waliokaushwa. Watu hukaa juu ya shehena, na kila gunia linalowainua linaifanya boti iwe nyepesi kupinduka. Mapipa ya mafuta hukaa hatua chache tu kutoka kwenye jiko. Chanzo cha moto wa HB Kongolo kilichotajwa na maofisa wa mto ni mama aliyekuwa akipika. Mwenye boti hulipwa kwa kichwa na kwa gunia, hivyo hana haraka ya kusema imejaa. Anayetaka chombo cha namna hiyo kiondolewe majini ana hoja, na kwa aliyefiwa hoja hiyo haihitaji hata kuelezwa.

Tatizo ni kwamba hoja hiyo inaanzia katikati ya hadithi.

Boti ya mbao haikuisukuma meli ya chuma nje ya mto. Iliingia mahali palipoachwa wazi. Wazee wa Kisangani wanazikumbuka meli za ONATRA, shirika la umma ambalo leo linaitwa SCTP: stima yenye madaraja ya abiria, imefungiwa matishari mbele na ubavuni, watu wanazaliwa humo, wananyolewa, wanafanya biashara, na mitumbwi inatoka vijijini kuikamata ikiwa mwendoni ili kuuza samaki wa moshi na kununua sabuni na chumvi. Soko zima lilikuwa linaelea. Kisha vyombo vikachakaa bila vipuri, na vita vya 1998 hadi 2003 vikaukata mto vipande, Mbandaka upande wa serikali na Kisangani upande wa waasi. Mto ulipofunguka tena, mkulima wa ndani kabisa hakuikuta meli ya kupakia mahindi yake. Alimkuta fundi seremala.

Fundi huyo alijenga chombo kinachoendana na mto ulivyo, si unavyochorwa. Kati ya Kinshasa na Kisangani kuna takriban kilomita 1,730 za maji yanayopitika, lakini kwa sehemu mto unapanuka kupita kilomita 10, umejaa visiwa, na mafungu ya mchanga yanahama kila msimu. Julai na Agosti maji yakipungua, tishari la chuma lenye shehena nzito hupanda mchanga na kukaa hapo likingoja majaliwa. Boti ya mbao inaelea kwenye kina kidogo. Inaingia kwenye vijito ambavyo tishari haliwezi hata kugeukia, inafika kwenye bandari ya kijiji ambayo ni mti mmoja na ngazi ya udongo. Ikipasuka, inatengenezwa papo hapo kwa mbao za msitu uleule. Anayeipiga marufuku leo bila kuleta kingine hajamhamishia mkulima wa Bolomba, huko jimbo la Équateur, kwenye chombo salama. Amemwambia aache kuuza.

Nani hasa hupanda boti hizi? Mei 2019 moja ilizama katika Ziwa Mai-Ndombe ikiwa na zaidi ya watu 350. Wengi wao, kwa maelezo ya meya wa Inongo, walikuwa walimu waliotoka kufuata mishahara yao, wakasafiri majini kwa sababu barabara hazipitiki. Walimu wa serikali, wanafuata fedha ya serikali. Na MV Merdi, iliyopinduka tarehe 3 Oktoba 2024 mbele ya macho ya watu waliosimama kwenye gati la Kituku mjini Goma, Ziwa Kivu, ilitoka Minova kwa sababu njia ya nchi kavu ilikuwa imefungwa na mapigano. Gavana wa Kivu Kusini alitaja abiria 278 na vifo 78. Mwanamke wa Minova mwenye ndizi za kuuza Goma hakuwa akichagua kati ya boti salama na boti ya hatari. Alichagua kati ya boti na mstari wa vita.

Na tusidanganyike na chuma. Sisi wa Ziwa Viktoria hatuna ruhusa ya kuwacheka Wakongo. MV Bukoba iliyozama 1996 ilikuwa ya chuma na ya umma. MV Nyerere, iliyopinduka Septemba 2018 karibu na Ukara, ilikuwa kivuko cha serikali, cha chuma, chenye uwezo wa watu 101. Waliokufa ni zaidi ya 220. Na ilipofika saa ya kuuliza walikuwa wangapi ndani, ikaonekana kwamba mkata tiketi amekufa na mashine yake imepotea ziwani. Hesabu ya waliopanda ilizama pamoja nao. Kwa hiyo hata chombo chenye tiketi, wizara na bendera kiliishia palepale ilipoishia boti ya mbao ya Mbandaka, yaani kuhesabu maiti ili kujua abiria walikuwa wangapi.

Turudi kwenye usiku, maana hapo ndipo hoja ya marufuku ilipo na nguvu zaidi na ndipo inapovuja zaidi. Gizani nahodha haoni gogo, haoni fungu, na wa kumwokoa hayupo. Hilo halina ubishi. Ila mto huu unapita kwenye ikweta, na kwenye ikweta usiku ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Ukimlazimisha nahodha atie nanga kila jua likizama, safari ya siku nne mchana na usiku inakuwa ya siku nane. Siku nane ni chakula mara mbili, kuni mara mbili, mara mbili ya akina mama wanaopika karibu na mapipa. Samaki wanaharibika. Na kulala ukingoni si bure wala si salama, kwani kila mahali boti inapogusa nchi kavu kuna mwenye kofia anayesubiri: wa majini, wa uhamiaji, wa usalama, wa mazingira, kila mmoja na karatasi yake au bila karatasi. Wenye boti wengi hawasafiri usiku kwa sababu wanapenda giza. Wanasafiri usiku kwa sababu wenye kofia wamelala.

Hapo ndipo naiona orodha ya abiria ilikopotelea. Orodha ni karatasi na kalamu, hakuna kifaa cha usalama cha bei rahisi kuliko hicho. Lakini jiweke kwenye nafasi ya nahodha. Ukiandika majina 300, umeandika ushahidi wa vichwa 300 vya kutozwa kwenye kila kituo kilicho mbele yako, na ushahidi wa kosa la kujaza kupita kiasi ambalo aliyekuruhusu kuondoka alilitazama kwa macho yake. Ukiandika 120, unalipia 120. Usipoandika, mnaelewana kwa mdomo. Orodha ndefu ni kodi ndefu. Tumeufanya ukweli kuwa ghali, halafu tunashangaa kwamba haununuliwi.

Upande wa serikali nao una la kujitetea. Shirika la njia za mito, RVF, lina kazi ya kuweka maboya, kuchimbua mchanga na kuchora ramani kwenye mtandao wa maelfu ya kilomita ambao unajibadilisha wenyewe. Boya linalowekwa leo kwenye mkondo, kesho mkondo umehama, au limeng'olewa na gogo, au chuma chake kimegeuzwa sufuria. Umoja wa Ulaya ulishawahi kugharimia mradi mzima wa kurudisha alama hizo, na kazi ya namna hiyo haimaliziki kwa mradi, kama vile kufagia uwanja hakumaliziki. Kwa hiyo nikisema serikali haijafanya nusu yake, sisemi ni nusu nyepesi. Nasema tu kwamba mtu aliyeshindwa kuweka boya hana uso wa kumfunga peke yake yule aliyegonga fungu. Mpaka leo mbele ya boti za mto huo, omoni, utawaona vijana na pondo zao wakipima kina na kupaza sauti kumwambia nahodha. Hiyo ndiyo ramani ya mto huo.

Mwaka 2019, baada ya ajali kubwa ya Ziwa Kivu, Rais Tshisekedi aliagiza kila abiria avae jaketi la kuokolea. Agizo zuri. Ila linagharimu fedha kwa kila kichwa, na ajali za mto Kwa, Kituku na Mbandaka zote zimekuja baada yake. Ningeanza na vinavyogharimu kidogo zaidi. Mstari wa rangi ubavuni mwa boti, ukizama chini ya maji haiondoki, na mtoto aliyeko gatini anauona bila kusoma chochote. Ushuru mmoja kwa boti kwa safari, ulipwe mara moja mwanzoni, bila kujali vichwa, ili nahodha asiwe na sababu ya kuficha jina. Nakala ya orodha ibaki bandarini, si mfukoni mwa anayeweza kuzama. Usiku uruhusiwe kwa boti yenye kurunzi kwenye vipande ambavyo RVF imeviwekea maboya, na ukatazwe kwingine. Hapo marufuku itakuwa pia inamdai anayeitoa.

Mapipa ya mafuta na jiko kwenye sitaha moja ya mbao, hapo sina utetezi wowote kwa wenye boti. Hilo likatazwe kesho asubuhi, na boti ya kwanza itakayokutwa hivyo ishushwe watu. Mradi waliotakiwa kushuka waonyeshwe mahali gatini pa kupikia.