Kuimba na afya: Tanga tuna waimbaji wengi au wasikilizaji wengi?

Kwamba kuimba kunampa mtu raha, Tanga hakuna wa kubisha. Huu ni mji wa vikundi vya Black Star na Lucky Star, mji wa taarab ya Shakila Saidi, na mtoto wa madrasa hapa anazijua kaswida kabla hajazimaliza herufi. Ubishi unaanza pale mtu anaposema kuimba ni dawa: kunashusha presha, kunaongeza kinga ya mwili, kunaondoa sonona. Maneno hayo yanazunguka sana kwenye simu zetu, na mara nyingi hayasemi nani alipima, alipima nini, wala kwa watu wangapi. Upande wa pili wapo wanaoyapuuza yote kwa pamoja: kama nyimbo zingeponya, Hospitali ya Bombo isingekuwa na foleni.

Mimi naamini faida ipo, na imepimwa. Ila ina mipaka yake, na zaidi ya yote ni faida ya yule anayeimba. Anayeimbiwa hupata kidogo tu. Hilo la mwisho ndilo linalonisumbua ninapoangalia sherehe zetu za siku hizi.

Tuanze na pumzi, maana hapo mambo yako wazi. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kama mara 12 hadi 20 kwa dakika. Anayeimba hana uhuru huo. Anavuta haraka kabla ya mshororo, kisha anaitoa polepole mpaka mshororo uishe. Moyo nao hufuata: huenda mbio kidogo tunapovuta pumzi na kupunguza mwendo tunapoitoa, kwa kazi ya mshipa wa fahamu uitwao vagasi. Pumzi ikitoka taratibu kwa muda mrefu, moyo unapata nafasi ya kutulia.

Mwaka 2013, Björn Vickhoff na wenzake wa Göteborg, Sweden, walichapisha jaribio la vijana 15 wenye umri wa miaka 18. Waliambiwa kwanza wavumishe sauti moja, kila mtu akipumua anapotaka. Kisha waimbe wimbo wa kanisani. Kisha wakariri maneno machache polepole wakipumua pamoja kila baada ya mstari. Kadiri pumzi zilivyolingana, mapigo ya mioyo yao yalianza kupanda na kushuka kwa pamoja. Aliyewahi kusimama kwenye duara la zikri, watu wakitoa pumzi kwa mpigo mmoja na mabega yakienda mbele na nyuma, hatashangaa. Lakini vijana 15 ni wachache, na moyo kutulia kwa dakika chache si sawa na kutibu presha. Presha ni ugonjwa wa miaka. Kilichoshuka kwenye mazoezi kinaweza kupanda tena kabla mtu hajafika kwake.

Kuhusu maumivu na uchovu, utafiti ninaoupa uzito zaidi ni wa Robin Dunbar na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012. Walipima watu wanavumilia maumivu kiasi gani kabla na baada ya shughuli mbalimbali za muziki. Walioimba, waliocheza na waliopiga ngoma, uvumilivu wao uliongezeka. Waliokaa wakasikiliza tu, hapana. Watafiti wakaona hiyo ni dalili kwamba mwili umetoa endofini, kemikali zake wenyewe za kutuliza maumivu, ingawa hawakuzipima moja kwa moja. Kwa hiyo maelezo ya sababu bado yanaweza kujadiliwa. Tofauti kati ya kufanya na kusikiliza ndiyo ya kuishika.

Na tofauti hiyo unaiona kwa macho pwani ya Sahare mashua inapopandishwa nchi kavu. Kiongozi anatoa mstari wake, watu wamesimama, kamba imelegea. Kikifika kiitikio nyayo zinazama mchangani, wote wanavuta na kutoa pumzi kwa wakati mmoja, mashua inasogea hatua moja. Kimya kidogo. Kiongozi anaanza tena. Asiyeitikia anavuta nje ya wakati, na kamba inamchuna viganja. Pale wimbo ni sehemu ya kazi, na watu wanamaliza wakiwa wanacheka baada ya kuvuta chombo ambacho kimyakimya kingewavunja migongo.

Sasa hoja ya wenye shaka, nayo ni nzito. Wanasema: waimbaji wana afya njema kwa sababu wenye afya njema ndio wanaokwenda kuimba. Mwenye kuhudhuria mazoezi ya kwaya Chumbageni mara mbili kwa wiki ana miguu inayotembea, ana nauli ya bajaji, ana jioni isiyobanwa na biashara wala mgonjwa wa kuuguza. Ukimlinganisha na jirani yake asiyetoka ndani, umelinganisha maisha mawili mazima, na wimbo ni kipande kidogo tu humo. Ni kosa lile lile la wanaomtaja Bi Kidude wa Unguja kama ushahidi. Aliimba mpaka uzeeni kabisa, akafariki Aprili 2013, na kila mtu anajua alivuta sigara miaka mingi. Tukisema wimbo ndio uliomfikisha pale, itabidi tuseme na sigara zilisaidia. Maisha ya mtu mmoja hayawezi kubeba hoja ya namna hiyo.

Wenye shaka wanaongeza kwamba huenda kinachofaa ni kukutana, na wimbo ni kisingizio tu. Hili limejaribiwa pia. Mwaka 2015 Eiluned Pearce, Jacques Launay na Dunbar huyo huyo walifuatilia madarasa ya watu wazima Uingereza kwa miezi 7: wengine walijifunza kuimba, wengine kazi za mikono, wengine uandishi. Darasa la kuimba lilizoeana upesi kuliko mengine. Lakini mwisho wa miezi ile madarasa yote yalikuwa yamefikia ukaribu uleule. Wapenzi wa kuimba hutaja nusu ya kwanza ya matokeo haya, wapinzani hutaja ya pili. Ukiyachukua yote mawili unapata jambo la maana: wimbo unafupisha muda. Mtu mgeni anayekaa barazani wiki nzima bila kusemeshwa, ukimpa kiitikio atakuwa mmoja wenu jioni hiyo hiyo.

Upesi huo si jambo dogo ukiwa mgonjwa. Mwaka 2018 Daisy Fancourt na Rosie Perkins walichapisha jaribio la kina mama 134 wa Uingereza waliokuwa na dalili za sonona baada ya kujifungua. Waligawanywa makundi matatu: kuimba pamoja na watoto wao, michezo bila kuimba, na huduma ya kawaida, kwa wiki 10. Mwishoni makundi yote yalikuwa na nafuu. Ila miongoni mwa wenye dalili nzito, kundi la kuimba lilipata nafuu mapema zaidi, ndani ya wiki 6 za mwanzo. Mwenye haraka ya kubisha atasema basi kuimba hakukuongeza kitu, maana wote walifika. Mama mwenye kichanga, asiyelala, anayejiona hafai kulea, mwezi mmoja wa nafuu ya mapema kwake ni mwezi mzima wa maisha, na kwa mtoto pia.

Ushahidi huo haukubaki Ulaya. Gambia limefanyika jaribio dogo na wajawazito, likiendeshwa na kanyeleng, vikundi vya kina mama wa huko ambao kazi yao ya jadi ni kuimba na kuwaliwaza wanawake wenye shida za uzazi. Dalili za wasiwasi na huzuni zilipungua kwa walioimba. Kilichonivutia ni kwamba hawakuagiza mwalimu wa muziki kutoka mbali. Walichukua kikundi kilichokuwepo, wakakiweka karibu na kliniki. Hapa kwetu mzazi wa zamani hakuachwa peke yake katika arobaini yake. Nyumba ilijaa mashangazi na mawifi. Leo wengi wamepanga chumba Duga au Mikanjuni, mama mzazi yuko Lushoto au Handeni, mume anarudi usiku. Mwanamke huyo hana wa kumpokea mtoto akaoge, achilia mbali wa kuimba naye.

Kwenye mapafu, ushahidi ni mwembamba zaidi. Kuna ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, unaowapata wavuta sigara na pia waliopikia kuni kwenye jiko lisilo na pa kutolea moshi, na wanawake wa mikoa yetu wanaujua moshi huo. Mapitio ya mwaka 2017 ya Cochrane, taasisi inayokusanya na kupima tafiti za tiba, yalipata tafiti 3 tu za kuwafundisha wagonjwa hao kuimba, zenye washiriki 112 kwa jumla. Hawakuona madhara, na waliona nafuu katika namna watu walivyojisikia kimwili. Kuhusu kubanwa pumzi kwenyewe hawakupata cha kujivunia, na wakasema wazi kwamba ubora wa ushahidi ni mdogo. Mgonjwa wa aina hiyo akipenda kuimba, aimbe, na dawa yake ya kuvuta aendelee nayo.

Upande wa madhara hauzungumzwi vya kutosha. Mwaka 1968 watafiti wa Marekani, Loudon na Roberts, walionyesha kwamba mtu anayeimba hurusha hewani chembechembe ndogo kwa kiwango kinachokaribia cha mtu anayekohoa. Walikuwa wanafuatilia kuenea kwa kifua kikuu. Miaka 52 baadaye, Machi 2020, kwaya moja ya jimbo la Washington ilifanya mazoezi ya saa mbili na nusu. Walihudhuria watu 61. Baadaye 53 kati yao walihesabiwa kuwa wameugua au yamkini wameugua Uviko-19, na wawili walifariki. Tanzania imo katika nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa kifua kikuu duniani. Kwa hiyo kiongozi wa kwaya au wa kaswida ana wajibu wa kiafya: madirisha yafunguliwe, na mwenye kikohozi cha wiki 2 au zaidi aende kupimwa kwanza. Vipimo na dawa za TB ni bure kwenye vituo vya serikali. Nyua na baraza zetu zina upepo wa bahari usiolipiwa, hakuna sababu ya kujifungia ukumbini.

Madhara mengine yanatoka kwenye spika. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2022 kiwango cha sauti kwenye kumbi na matamasha: wastani usizidi desibeli 100. Sherehe nyingi za mtaani hazina wa kupima, na mgonjwa wa nyumba ya tatu hana pa kukimbilia mpaka alfajiri. Waimbaji nao, wakijaribu kuishinda mashine, huota vinundu kwenye nyuzi za sauti. Sauti ikikauka zaidi ya wiki 3, asali na tangawizi hazitoshi, aonwe na daktari.

Na hapa ndipo linapokuja lile linalonisumbua. Sherehe zetu zilikuwa na kiongozi mmoja na waitikiaji mia. Bibi wa miaka 70 asiyeweza kucheza aliweza kuitikia na kupiga makofi, na pumzi yake ikafanya kazi. Sasa tunachanga, tunakodi mziki, tunakodi mwimbaji, na bibi yule anakaa kwenye kiti cha plastiki akiwa ameziba masikio. Tumeongeza sauti na kupunguza waimbaji. Ushahidi wote niliotaja hapo juu unampa faida aliyefungua kinywa, na sisi tunalipa pesa ili watu wafunge vinywa.

Wapo wasioona halali ya ala, na wapo wasiopenda wanawake waimbe mbele ya wanaume. Sina haja ya kubishana nao hapa, kwa kuwa pumzi haihitaji kinanda. Maulidi ya kina mama wenyewe kwa wenyewe, zikri, tenzi za kanisani, wimbo wa kupandisha mashua, vyote vinatosha.

Lililo zito zaidi ni kuacha dawa. Pwani hii ina desturi ndefu ya ngoma za kupunga pepo, na sioni aibu kusema kwamba mtu mwenye dhiki akizungukwa na wenzake wakimwimbia na yeye akaitikia, anaweza kupata nafuu ya kweli ya moyo. Lakini sukari haishuki kwa ngoma, na mjamzito mwenye kifafa cha mimba anapoteza saa zinazohesabika. Mganga, shehe, mchungaji au mwalimu wa kwaya anayemwambia mtu aache vidonge anamdhuru, hata kama nia yake ni njema.

Pendekezo langu ni dogo na linaweza kujaribiwa. Kliniki za wazazi na vituo vya presha na sukari hapa mjini vina foleni za asubuhi ambapo watu hukaa saa nzima na zaidi. Watafutwe kina mama wanaojua kuongoza, waimbishe nusu saa chini ya mwembe, wagonjwa waitikie. Muuguzi aandike nani alirudi tarehe yake ya kliniki na nani hakurudi, na mama aliyejifungua aulizwe hali yake ya moyo kwa maswali yale yale kila mwezi, kwenye vituo vyenye kuimba na visivyo nako. Baada ya miezi 6 daftari hilo litatueleza mengi kuliko jumbe zote za kwenye simu, na kama halikuonyesha tofauti, tukubali.