Mtumbwi wa Starehe na Mtumbwi wa Riziki

Kila kiangazi watu humiminika kusini mwa Ufaransa ili kuteremka mto Ardèche kwa mitumbwi, kutoka Vallon-Pont-d'Arc hadi Saint-Martin-d'Ardèche, mwendo wa kilomita zipatazo 32 ambao wengi huugawa kwa siku mbili. Nimekwenda huko na wenzangu wa kazini, mimi niliyekulia kando ya Rufiji, na nakiri kwamba bonde lile lina uzuri wa kumnyamazisha mtu: mapema tu safarini mto unapita chini ya tao la mawe la asili lenye kimo cha zaidi ya mita 50, kisha majabali ya chokaa yanasimama kulia na kushoto, na baina ya mkondo mmoja mkali na mwingine maji hutulia kiasi kwamba watu huacha makasia na kupiga soga. Hakuna anayekimbilia popote. Wenzangu walisimama kwenye kila ufuko wa changarawe ili kula, kuogelea au kulala tu.

Kwetu, anayeingia mtumbwini huulizwa anakwenda wapi. Mtumbwi huvusha watu kwenda mashambani ng'ambo, hubeba mpunga na huenda kutega nyavu, na anayeusukuma kwa pondo hawezi kuwasahau mamba na viboko.

Baadhi ya ndugu zetu wanaoishi Ulaya hucheka kwamba Wazungu hulipa fedha ili wafanye kazi waliyoifanya babu zetu kwa shida. Mzaha huo sikubaliani nao, kwa sababu unapuuza utaratibu unaoifanya starehe hiyo iwezekane. Bonde la Ardèche ni hifadhi ya taifa tangu 1980. Anayetaka kulala humo hulala kwenye kambi za Gaud au Gournier tu, tena kwa kuweka nafasi mapema. Mtoto wa chini ya miaka 7 hapokelewi, wala asiyejua kuogelea. Na kila abiria huvaa jaketi la kuokoa maisha. Hata maji yenyewe hayakuachiwa mvua peke yake, maana mabwawa ya umeme ya huko juu hufunguliwa kiasi wakati wa kiangazi ili mto usipungue mno.

Sisi nasi tuna bwawa. Korongo la Stiegler, kwenye Rufiji, sasa limebeba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na mimi si miongoni mwa wanaoomboleza mandhari iliyozama, kwani mtu anayesomea kibatari huwezi kumhubiria uzuri wa majabali. (Wanaoomboleza zaidi, nionavyo, wana umeme tayari.)

Kinachoniudhi ni kingine. Mwezi wa Agosti, Ardèche ina sehemu ambazo maji hayafiki magotini, na bado kila mtu amefungwa jaketi kifuani. Kule kwetu, katika vijiji vingi, mama mwenye mtoto mgongoni huvuka maji ya kina kirefu, yenye mamba, bila chochote. Tofauti hiyo haielezwi na umaskini peke yake, kwa kuwa majaketi kumi ya mtumbwi mmoja wa kuvushia si mzigo unaoishinda halmashauri. Yangeweza kununuliwa na kukopeshwa kwa wavushaji, wakalipa kidogo kidogo kutokana na nauli, na mvushaji asiyekuwa nayo akazuiwa kupakia abiria.