Panya Alikula Nini? Swali Linalopuuzwa katika Utafiti wa Ugonjwa Sugu wa Figo

Katika utafiti wa ugonjwa sugu wa figo kuna majaribio ambayo ugonjwa wenyewe huingia mwilini mwa mnyama kwa njia ya chakula. Panya hapasuliwi wala hadungwi sindano. Hupewa chakula kilichotiwa kemikali fulani, au kilichozidishwa chumvi, mafuta au fosforasi, na baada ya wiki kadhaa figo zake huanza kushindwa kazi. Mtu angetarajia kwamba katika ripoti za majaribio ya namna hiyo chakula kitaelezwa kwa uangalifu uleule unaotumika kueleza dawa inayojaribiwa. Mara nyingi sivyo. Dawa hutengewa kurasa, chakula hutengewa sentensi moja, na kile kilicholiwa na kundi la ulinganisho huitwa tu chakula cha kawaida. Ninaamini kwamba upungufu huo unadhoofisha utafiti kuliko tunavyokiri, na kwamba msomaji ana haki ya kusitasita mbele ya matokeo yoyote ya aina hii yasiyosema bayana wanyama walikula nini, kiasi gani, na kwa muda gani.

Tuanze na adenini, kemikali ya asili iliyomo katika DNA, kwa kuwa ndiyo njia inayotumika sana. Kundi la Takako Yokozawa nchini Japani liliieleza katika miaka ya 1980, na kipimo kilichozoeleka kwa panya wakubwa (kwa Kiingereza rat) ni asilimia 0.75 ya adenini katika chakula kwa takriban wiki 4. Panya wadogo (mouse), ambao ni spishi nyingine, hupewa kiasi kidogo zaidi, karibu asilimia 0.2. Katika hali ya kawaida mwili huiokoa adenini kwa kimeng'enya kiitwacho APRT na kuitumia tena. Inapozidi uwezo wa kimeng'enya hicho, hupita njia nyingine na kugeuzwa na kimeng'enya cha zanthini kuwa dihidroksiadenini, kitu ambacho hakiyeyuki vizuri katika mkojo. Fuwele zake huganda ndani ya mirija midogo ya figo na kuiziba, kisha hufuata uvimbe, kufa kwa seli, na hatimaye makovu yanayotanda baina ya mirija.

Wako binadamu wanaougua kwa njia hiyohiyo. Ni watu waliozaliwa bila APRT inayofanya kazi, ambao figo zao hujaa fuwele hizo hizo na ambao hutibiwa kwa alopurinoli, dawa inayozuia kimeng'enya cha zanthini. Ugonjwa huo, hata hivyo, ni wa nadra. Wagonjwa wengi wa figo duniani wamefikishwa hapo na kisukari au shinikizo la damu, magonjwa ambayo kwa sehemu kubwa huanza kwa kudhuru mishipa midogo na vichujio vya figo, wala si mirija. Kwa hiyo mtafiti anayejaribu dawa juu ya panya wa adenini, kisha akaandika kwamba dawa hiyo inazuia ugonjwa sugu wa figo bila kuongeza neno, anadai zaidi ya alichokiona. Huenda dawa yake inazuia fuwele zisijengeke. Huenda inapunguza hamu ya kula, mnyama akala adenini kidogo zaidi, na figo zikaonekana zimepona. Bila kupima chakula kilicholiwa na kila kundi, uwezekano huu wa pili hauwezi kuondolewa, na sioni jinsi mhariri makini anavyoweza kuupitisha.

Suala la hamu ya kula lina uzito kuliko linavyoonekana. Panya hawapendi chakula chenye adenini; hukila kidogo, hukonda, na wengine hukonda kiasi cha kuwa hatarini kufa. Watafiti wamejaribu kuficha ladha na harufu yake kwa kuichanganya na kaseini, yaani protini ya maziwa, na hilo husaidia. Lakini kukonda kwenyewe kunaharibu vipimo vyetu, ambavyo hupima katika damu kreatinini na urea, taka ambazo figo zikiwa mbovu hushindwa kuzitoa. Kreatinini hutoka kwenye misuli, kwa hiyo mnyama aliyepoteza misuli anaweza kuwa na kreatinini ya chini kuliko hali halisi ya figo zake. Urea nayo hutegemea protini iliyoliwa, na mnyama aliyekula nusu ya chakula chake atakuwa na urea ndogo hata kama figo zake ni mbovu kuliko za jirani yake. Kwa panya wadogo kuna tatizo la ziada, kwani kipimo cha kemikali kilichozoeleka husoma vitu vingine vilivyomo katika damu yao kana kwamba navyo ni kreatinini. Ndiyo maana nalitetea kundi la tatu ambalo wengi huliacha ili kupunguza gharama: wanyama wazima wanaopewa chakula kisicho na adenini, lakini kwa kiasi kilekile kilicholiwa na wagonjwa. Bila kundi hilo hatujui ni kipi kilichotokana na figo na ni kipi kilichotokana na njaa.

Sisemi hayo ili modeli hii itupwe. Kuna maswali inayoyajibu vizuri kuliko nyingine nyingi, nayo ni maswali juu ya kinachoupata mwili baada ya figo kushindwa, chochote kile kilichozishinda. Panya wa adenini hupata upungufu wa damu; homoni ya parathiroidi na ile iitwayo FGF23, ambazo husimamia kalisi na fosforasi mwilini, hupanda; mifupa hudhoofika; na fosforasi inapoongezwa katika chakula, kalisi hurundikana katika kuta za ateri kwa namna inayokaribia ile inayowaua wagonjwa wa dialisisi. Tena hakuna upasuaji, wakati njia ya zamani ya kuondoa sehemu 5 kati ya 6 za figo hudai mkono wa fundi stadi na hupoteza wanyama mezani. Anayechunguza ateri au mifupa ana sababu nzuri ya kuchagua adenini. Ila hata hapo chakula hudai heshima yake: mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba panya waliopewa adenini pamoja na protini ya asilimia 2.5 tu walipata kalisi katika ateri kwa wingi kuliko waliopewa adenini ileile na protini ya asilimia 25. Mtu akisoma kwamba wanyama walipewa asilimia 0.75 ya adenini, asiambiwe protini wala fosforasi, kwa kweli hajaambiwa ni ugonjwa gani uliotengenezwa.

Ushahidi ulionishawishi kuliko wote, hata hivyo, unatoka kwenye chakula ambacho hakikukusudiwa kumdhuru mnyama yeyote. Katika miaka ya 1970 jumuiya ya wanasayansi wa lishe ya Marekani ilitunga fomula ya chakula cha viambato vilivyosafishwa, AIN-76, iliyorekebishwa baadaye kidogo na kuitwa AIN-76A, ili maabara zote zilishe wanyama kitu kimoja kinachojulikana. Lilikuwa wazo jema, na bado ni jema. Ikagunduliwa kwamba panya majike waliokula chakula hicho walijenga mawe madogo ya kalisi na fosforasi ndani ya figo. Uwiano wa kalisi kwa fosforasi ulikuwa 0.75; fomula mpya ya mwaka 1993, AIN-93, ikaupandisha hadi 1.3 na kupunguza fosforasi, pamoja na mabadiliko mengine. Maana yake ni kwamba kwa miaka mingi, wanyama waliohesabiwa kuwa wazima katika baadhi ya majaribio walikuwa na figo zilizokwisha kuguswa na chakula cha ulinganisho chenyewe.

Panya wa Dahl hutufundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Lewis Dahl aliwazalisha kwa kuchagua wazazi ambao shinikizo lao la damu lilipanda kwa chumvi, na tangu miaka ya 1960 wametumika kuchunguza jinsi chumvi inavyoharibu figo. Kundi la David Mattson huko Wisconsin lilipowalisha panya hao chumvi ya kiwango kimoja, lakini wengine katika chakula kilichosafishwa chenye kaseini na wengine katika chakula cha nafaka nzima, wale wa nafaka walipata shinikizo dogo zaidi na madhara machache ya figo. Jeni hazikubadilika wala chumvi haikubadilika. Kilichobadilika ni kile ambacho ripoti nyingi hukiita chakula cha kawaida. Mwaka 2014 kundi la Nosratola Vaziri likaonyesha kwamba hata panya waliokwisha kuharibiwa figo kwa adenini waliendelea vizuri zaidi walipopewa wanga usiomeng'enywa kwa urahisi, ambao bakteria wa utumbo huuchachusha. Sasa fikiria majaribio ya chakula chenye mafuta mengi, ambapo asilimia 60 ya nishati hutoka kwenye mafuta, na kundi la ulinganisho likapewa vidonge vya nafaka vyenye nyuzinyuzi tele: makundi hayo mawili yanatofautiana kwa mafuta, nyuzinyuzi, sukari, chanzo cha protini na madini, kisha matokeo yote yanabebeshwa mafuta. Zaidi ya hayo, panya wadogo wa aina inayotumika sana hupata madhara madogo tu ya figo kwa mafuta peke yake, kwa hiyo tofauti inayotafutwa ni ndogo na kelele zinazoizunguka ni kubwa.

Kuhusu protini tunayo historia ndefu zaidi, na kwa maoni yangu ni ya kuheshimiwa. Mwaka 1982 Barry Brenner, Timothy Meyer na Thomas Hostetter walieleza kwamba protini nyingi hulazimisha vichujio vilivyobaki kufanya kazi kupita kiasi hadi vichakae, na panya waliokatwa figo kisha wakapewa protini kidogo walikuwa ushahidi wenye nguvu. Dhana hiyo ilipelekwa kwa binadamu kwa jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 1994. Katika sehemu yake ya kwanza, wagonjwa 585 waligawanywa kati ya gramu 1.3 na gramu 0.58 za protini kwa kila kilo ya uzito kwa siku, na kasi ya kudhoofika kwa figo kwa jumla haikutofautiana kwa kiasi cha kutosha kuthibitisha dhana. Wapo wanaolitumia tokeo hilo kuwabeza panya. Mimi naona panya walijibu kwa uaminifu swali waliloulizwa: nini hutokea figo zinapopunguzwa ghafla kwa mnyama mzima mwenye nefroni (kichujio pamoja na mrija wake) elfu 30 hivi katika kila figo, anayekula protini kwa wingi maisha yake yote. Binadamu ana takriban milioni moja katika kila figo, huugua polepole kwa miaka, wala hali chakula kilekile kila siku.

Ningependa kila ripoti iwe na jedwali la viambato vya chakula cha wagonjwa na cha kundi la ulinganisho, kalisi na fosforasi zikiwemo kwa tarakimu, pamoja na mchoro wa uzito na chakula kilicholiwa kila wiki. Jinsia ya wanyama itajwe, kwa kuwa madume na majike hawaugui sawa. Ielezwe pia kama adenini ilisimamishwa kabla ya dawa kuanza, maana ikisimamishwa figo hurejesha sehemu ya kazi zake zenyewe, na dawa isiyofanya lolote inaweza kusifiwa kwa nafuu hiyo. Tangu William Russell na Rex Burch walipoandika mwaka 1959 juu ya kupunguza idadi ya wanyama wanaotumika na mateso yao, tumezoea kuhesabu wanyama waliomo katika jaribio moja. Tuwahesabu pia wale watakaougua upya katika maabara nyingine kwa sababu jaribio la kwanza haliwezi kurudiwa, na haliwezi kurudiwa kwa sababu hakuna aliyeandika fosforasi ilikuwa kiasi gani.