Kufuli la gemu na haki ya mwenye mashine

Kwenye vibanda vya gemu vya Mombasa, Majengo hadi Kisauni, mashine iliyochipiwa, yaani iliyotiwa chipu ya kukwepa kinga dhidi ya nakala, haijawahi kuwa siri. Wengi huita kuchipi mashine wizi na mjadala ukaishia hapo. Ila kufuli lenyewe, ile kinga ya gemu, lilifungwa dhidi ya nani?

Chukua PlayStation ya kwanza ya Sony, iliyotoka Japani Desemba 1994. Kwenye CD halisi, mfereji wa data ulitikiswa makusudi karibu na kitovu cha diski, na mtikisiko ule ulibeba herufi nne: SCEI kwa Japani, SCEA kwa Marekani, SCEE kwa Ulaya. Mashine isiposoma herufi za eneo lake, gemu haifunguki. Ukichoma CD nyumbani herufi hazipiti, kwa sababu diski tupu huja na mfereji wake tayari kutoka kiwandani, na kichomeo hufuata huohuo. Kinga ya akili kweli. Dawa yake ilikuwa chipu ndogo: fundi mwenye mkono mtulivu aliichomelea kwenye bodi kwa nyaya chache, ikawa inaitajia mashine herufi zilezile kila inapoziuliza. Diski haikuguswa.

Lakini herufi zile zilizuia mawili kwa pamoja: nakala, na hata diski halali ya nchi nyingine. Baharia aliyenunua gemu Yokohama kwa pesa zake, akaileta Likoni kwenye mashine ya Ulaya, alikataliwa sawasawa na aliyeiba. Hilo sikubaliani nalo hata kidogo. Huko Australia, Sony ilimshtaki muuza chipu, kesi ikafika Mahakama Kuu, na mwaka 2005 Sony ikashindwa.

Hata hivyo tusijidanganye: waliochipi mashine kwa ajili ya diski halali za ng'ambo ni wachache. Wengi walitaka CD za kuchoma, na aliyeunda gemu hakuona senti. Watetezi wa kufuli hutaja Dreamcast, mashine ya gemu ya kampuni ya Sega, ambayo kuanzia 2000 ilicheza nakala bila chipu yoyote, na Januari 2001 Sega ikatangaza kuacha kuiunda. Wanatia chumvi, maana Sega ilikuwa ikipata hasara tangu mashine iliyotangulia. Lakini kijana wa Pwani anayejifunza kuunda gemu leo atahitaji kinga hiyohiyo siku atakapouza kazi yake, na hilo lina uzito kwangu.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inakataza kukwepa kinga za kiufundi. Naiunga mkono pale gemu ingali sokoni. Ila Machi 2023 Nintendo ilifunga mauzo kwenye duka la mtandaoni la mashine zake za gemu, 3DS na Wii U. Gemu zilizouzwa humo pekee hazinunuliki tena hata ukiwa na pesa mkononi, na anayefungua kufuli ili kuzihifadhi hamnyimi muundaji mauzo yoyote. Huyo, pamoja na yule mwenye diski ya Yokohama, wanastahili kuruhusiwa waziwazi kisheria. Anayechoma nakala mia za gemu iliyotoka juzi asihesabiwe pamoja nao.