Lengo lako, nani atakuuliza?

Kila tarehe 31 Desemba makanisa ya Goma yanajaa hadi barabarani, na wachungaji wanautangazia mwaka mpya jina lake: mwaka wa kuinuliwa, mwaka wa milango wazi. Vijana nao wanaandika malengo kwenye simu. Kununua parseli ya kujenga, kumaliza lisansi ya chuo kikuu, kujua Kiingereza. Ukiwauliza mwezi wa tatu, wanacheka.

Wanasema ni hali. Siwabishii sana: lava ya volkano ilipita katikati ya mji mwaka 2002, mwaka 2021 ikasimama pale Buhene, pembezoni mwa mji, na Januari 2025 vita viliingia mjini, benki zikafunga milango. Lakini akina mama wa hali hiyo hiyo wanasomesha watoto na kuezeka nyumba za mbao. Kwa hiyo mimi lawama siiweki yote kwenye hali. Lengo la kijana linakufa mapema kwa sababu analijua yeye peke yake.

Kwenye seminari za hotelini tunafundishwa SMART, herufi tano za sifa ambazo lengo zuri liwe nazo, na kila mshiriki anarudi na karatasi yake. Mbinu hiyo ilitoka katika makala ya George Doran ya mwaka 1981, aliyowaandikia mameneja wa makampuni. Kati ya mambo matano aliyoyataka, moja lilikuwa kutaja nani amepewa kazi. Kwenye karatasi nyingi za leo jambo hilo halimo tena. Nafasi yake wameweka kwamba lengo liwe linafikika. Sasa linafikika kwa macho ya nani?

Nenda ukakae na kikundi cha AVEC, yaani cha kuweka akiba na kukopeshana, cha akina mama wanaouza sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, upande wa Kituku. Sanduku lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na sanduku lenyewe linalala kwa mtu wa nne. Kila mkutano mwanachama ananunua hisa, kuanzia moja hadi tano, muhuri unagongwa kwenye kitabu chake na pesa zinahesabiwa kwa sauti. Anayezoea kununua nne akitoa ya moja, swali linakuja hapo hapo: “Mama, leo moja tu?” Naye anajibu kwamba mwezi ni mpevu, wavuvi hawakuleta kitu. Wote wanaelewa, maana sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikitanda taa haziwaiti samaki vizuri. Hakuna anayemcheka. Wiki hiyo lengo lake limepungua, halikufa.

Hapo ndipo ninapowaheshimu kuliko wakufunzi wa hotelini. Kijana anayejiwekea dola 50 kila mwezi, akikosa mara moja tu, anaacha kabisa. Mama wa AVEC tangu mwanzo alijua kuna wiki za moja na wiki za tano, na mwisho wa mzunguko, karibu mwaka mzima, anagawiwa akiba yake pamoja na faida ya mikopo. Minervali, ada ya shule ya watoto, inalipwa.

Najua mtanijibu: ukisema mipango yako watu watakuonea kijicho. Sawa, na kuna sababu nyingine ya kunyamaza. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Peter Gollwitzer na wenzake walionyesha kwamba mtu akitangaza nia yake na wengine wakaitambua, anaweza kupunguza bidii, kana kwamba tayari ameshakuwa yule anayetaka kuwa. Ndiyo maana kutangaza kwenye status ya WhatsApp nakuona ni hasara. Wale mia wanaoweka alama ya moto hakuna hata mmoja atakayekuuliza Jumamosi ijayo.

Hata pasipo pesa inawezekana. Kama unaandika memwari ya kumaliza chuo, tafuta mwenzako anayeandika yake, mkutane siku moja ileile ya wiki, kila mmoja aonyeshe kurasa alizoandika, hata kama ni nusu ukurasa. Ila usimchague kaka mkubwa. Atakugombeza, nawe ukikosa mara mbili utaanza kupita njia nyingine ili msikutane. Chagua mtu ambaye naye ana lake la kukuonyesha.