Kavu, kopo au mbichi? Mimi naanza na maji

Asubuhi ile paka wangu Shombo aliingia kwenye beseni lake la mchanga mara sita. Anachuchumaa, anajikamua, anatoka, anarudi. Nikadhani amefunga choo, nikampa maziwa. Kufika jioni yuko mvunguni, analia sauti nisiyoijua. Daktari wa mifugo alimpapasa tumbo tu, akasema, "Huyu hajakojoa. Kibofu kimejaa kama chungwa." Akapitishiwa mrija, akalazwa siku tatu, na gharama yake siitaji hapa kwa sababu mke wangu husoma.

Paka dume akizibwa mkojo, siku mbili tatu zinatosha kumuua. Ndiyo maana watu wakianza ubishi wa kikavu, cha kopo au nyama mbichi, mimi nauliza: na maji je?

Chakula kikavu kina maji asilimia 10 hivi. Cha kopo kina 75 au zaidi, na panya mzima naye hapungui sana hapo. Paka wetu wametokana na paka mwitu wa nchi kame, waliopata maji yao ndani ya windo, kwa hiyo kiu haiwasukumi sana. Shombo alikula punje kavu miaka miwili, na bakuli lake la maji likawa la kukusanyia vumbi. Sisemi kikavu ndicho kilichomziba. Maradhi haya yana sababu nyingi, unene ukiwamo. Nasema tu kwangu hakiliwi tena kikavu hivihivi.

Jirani yangu ni wa mbichi. "Paka mwindaji huyo, baba, simba anapikiwa na nani?" Sawa, Mama Pendo, lakini paka anamla panya papo hapo. Utumbo wako wa kuku umekaa kwenye ndoo ya sokoni tangu alfajiri, na jua la Dar unalijua. Salmonela, bakteria wa kuharisha, haiogopi paka, wala haimwogopi mtoto anayemshika paka. Friza nayo haiui bakteria, inawalaza tu. Mwishoni mwa 2024 kule Marekani kuna paka aliyekufa kwa mafua ya ndege kutokana na chakula kibichi cha dukani, tena kilichogandishwa. Samaki je? Baadhi yao wakiwa wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1. Moto unakimaliza. Sasa kwa nini nisipike?

Cha kopo ndicho ningekichagua, ila kile kipakiti cha gramu 85 Shombo anakilamba kama kionjo, na mshahara wangu ni ule ule. Kwetu ni chakula cha Idi.

Basi nimetulia hapa: punje kavu naziloweka kwa maji ya vuguvugu, na jioni anapata dagaa au kichwa cha samaki kilichochemshwa, miiba imetolewa. Chumvi hapana, kitunguu hapana kabisa, kinaharibu damu ya paka. Supu yake simwagi. Paka anahitaji taurini, kirutubisho cha kwenye nyama na samaki, akiikosa moyo hutanuka na macho hufa, na taurini huyeyukia kwenye maji ya kuchemshia. Ukimpa minofu ukamwaga supu, umemwaga dawa. Na wale wa ugali na mchuzi: ugali hauna taurini hata chembe. Kwa sababu hiyo punje za dukani siziachi, zimeongezewa.

Siku ya kwanza Shombo alizinusa punje zilizolowa, kisha akaparua sakafu pembeni ya sahani kana kwamba anafukia kinyesi. Sikumshindisha njaa, maana paka asiyekula siku kadhaa ini lake huingia mafuta. Nilimrudishia kikavu, nikawa naongeza kijiko kimoja kimoja cha supu ya dagaa. Wiki ya pili akaanza kulamba sahani hadi inasogea kwenda kugonga friji.

Siku hizi kabla ya chai nakwenda kuchungulia mchanga. Nikikuta madonge mawili makubwa ya mkojo namwita mke wangu aje aone. Haji.