Sindano ya Baba Mkwe

Baba mkwe alikuja mjini kutoka Rutamba kufuatilia malipo yake ya korosho, akanikuta barazani kwangu, Mtanda hapa Lindi, nimeinamia hadubini. Siku zile nilikuwa namsaidia mtafiti mmoja kupanga wadudu tuliowachekecha kwenye majani makavu ya msitu wa Litipo. Litipo na Rutamba ni pua na mdomo. Mzee aliposikia hivyo akavuta kigoda.

"Kumbe ni wa kwetu hawa! Hebu nione."

Nikamwonyesha. Mbawakawa mwembamba wa milimita tatu, mabawa ya juu mafupi kama kizibao cha kurithi, tumbo lote liko nje. Mabawa ya kurukia yamekunjwa mara nyingi yakasokomezwa humo chini ya kizibao. Akiwa hai, ukimgusa hubinua mkia juu kukutisha, na mkiani hana hata mwiba. Nikamwambia ukoo huu, ambao wataalamu huuita Staphylinidae, una spishi zaidi ya 60,000 zenye majina, wakati ndege wote duniani hawafiki 12,000, na wageni bado wanaandikishwa kila mwaka. Hata yule mwekundu na mweusi anayebabua ngozi ukimponda ni wa humohumo. Mzee akasogeza goti mbali na meza, taratibu, asionekane.

"Na huyu ni mpya?"

"Tunadhani hivyo, baba."

"Mpya wapi! Tangu enzi za babu yangu yuko palepale. Au naye mnampeleka Ulaya kama mjusi wetu?"

Ukiishi Lindi hulikwepi swali la mjusi. Ni yule dinosaria ambaye Wajerumani walimfukua Tendaguru, huku kwetu Lindi, kati ya 1909 na 1913; mifupa yake imesimama Berlin hadi leo, na hakuna mzee wa huku asiyemdai. Nikamtuliza kwamba huyu mdudu ana vibali vyake, hasafiri ovyo. Akaridhika nusu. Kisha akauliza lile nililokuwa nalikimbia tangu aketi.

"Sasa mnajuaje kwamba huyu siye yule mwenzake?"

Ngoja niwaeleze ninyi kwanza. Kwa nje hawa wadudu wanafanana hadi unakata tamaa. Mara nyingi kinachowatenganisha ni uume wa dume. Kila spishi ina wa kwake: huyu umepinda, yule una ndoana, mwingine umechongoka. Unamlowesha mdudu kwenye maji ya moto alainike, unauchomoa kwa sindano nyembamba, unausafisha, unauchora, kisha unaugundisha kwenye kikadi pamoja na mwenyewe. Asubuhi nzima nilikuwa kwenye shughuli hiyo. Haya, kamweleze mkweo.

"Kuna kiungo cha ndani, baba."

"Kipi? Ini?"

"Chini zaidi kidogo."

"Utumbo?"

Mwanangu wa darasa la nne alikuwa anapita na ndoo ya maji. "Babu, baba anaangalia dudu la mdudu!"

Jikoni mwiko ukanyamaza sufuriani. Mzee akatoa kikopo cha ugoro, akavuta pua zote mbili, akatazama barabarani kana kwamba anasubiri gari. Halafu kwa sauti ya chini: "Hebu."

Akainama. Jicho lilipofika kwenye hadubini, ugoro nao ukafika ulikokuwa unakwenda. Ile chafya iliamsha kuku wa nyumba ya pili.

Mdudu alibaki, kwa kuwa alikwishashikwa na gundi. Dudu lake halikuwepo. Ni kitu kisichofika nusu milimita, na dume lilikuwa hilohilo moja, ndilo tulilotaka liwe kielelezo: yule ambaye jina jipya hufungwa kwake, akatunzwa makumbusho, na kila atakayebisha miaka mia ijayo aende akamtazame yeye.

Tukapiga magoti sakafuni, mimi, mke wangu, mtoto, na mzee mwenyewe kashika pindo la kanzu. Jirani yetu muuza vitumbua akasimama uani.

"Jamani, mmepoteza nini?"

Tukatazamana. Mzee ndiye aliyewahi: "Sindano."

Tungejua, tungesema shilingi mia. Mama yule ana moyo wa kusaidia, ndiyo shida yake. Akaenda, akarudi na sumaku ya spika mbovu pamoja na mashoga zake wawili, wakaanza kupitisha ile sumaku sakafuni, nami nikiwasihi wasikanyage, wasifagie, ikiwezekana wasipumue. Mzee hakuweza tena kurudi nyuma. Akawa anawaelekeza: "Tazameni na huko pembeni, ilirukia huko."

Alipogeuza uso juani ndipo nikaona kijipunje kinang'aa kwenye ndevu zake. Huku kwetu mkwe ni mtu wa kukaa naye mbali na kuinamisha macho. Mimi nilimwomba radhi, nikamshika kidevu kwa mkono wa kushoto, lenzi jichoni, kibanio mkono wa kulia.

"Usicheke, baba, kitaruka."

"Nani anacheka?" alisema bila kufungua mdomo.

Wale mama wakaacha sumaku, wakaja kusimama juu yetu.

"Sindano imeingia ndevuni? Mbona mimi siioni?"

Mzee hakutikisa hata kope. "Ya Kizungu hiyo, mama. Haivutwi na sumaku."